Teresa wa Yesu

Kila tarehe 15 Oktoba Kanisa la Uingereza humkumbuka Teresa wa Ávila. Alizaliwa Hispania mwaka 1515, binti wa Alonso Sánchez de Cepeda na Beatriz de Ahumada. Zamani hizo Mhispania aliweza kuchukua jina la ukoo wa baba au wa mama. Yeye alichukua la mama, akaitwa Doña Teresa de Ahumada. Doña ni neno la heshima kwa mwanamke wa ukoo bora.

Lakini babu yake mzaa baba, mfanyabiashara wa Toledo, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi uliobatizwa. Mwaka 1485 alitubishwa hadharani kwa kushika desturi za Kiyahudi. Jamaa wakahamia Ávila na kuificha asili yao, maana mwenye damu hiyo alifungiwa milango mingi.

Teresa akawa mtawa. Hata utawani akina Doña walikuwa na vyumba vyao, na maskini walilala bwenini. Mwaka 1562 akaanzisha nyumba ya Mtakatifu Yosefu. Humo Doña ikakoma, na majina ya koo yakaachwa mlangoni. Mkuu wa nyumba alifagia kwa zamu kama wengine. Yeye mwenyewe akawa Teresa de Jesús, yaani Teresa wa Yesu. Akafariki mwaka 1582.

Ndugu zangu, nasi tulipobatizwa hatukuulizwa kabila wala ukoo. Basi tusiulizane hayo tunapochagua wazee wa kanisa.