Dkt. Ambedkar: Mwanasheria Aliyesimamia Uandishi wa Katiba ya India

Tarehe 29 Agosti, 1947, wiki mbili baada ya India kupata uhuru, Bunge la Katiba la nchi hiyo liliunda Kamati ya Rasimu yenye wajumbe saba. Siku iliyofuata, wajumbe hao walimchagua Dkt. Bhimrao Ramji Ambedkar kuwa mwenyekiti wao. Kazi waliyokabidhiwa ilikuwa kugeuza matakwa ya taifa kuwa ibara ambazo mahakama ingeweza kuzisoma na kuzitekeleza.

Ambedkar alizaliwa tarehe 14 Aprili, 1891 katika mji wa Mhow, katika jamii ya Mahar, mojawapo ya jamii zilizohesabiwa kuwa najisi na zisizopaswa kuguswa. Shuleni aliketi peke yake juu ya gunia alilolitoa nyumbani. Hakuruhusiwa kugusa bomba la maji; ilimlazimu kumsubiri tarishi amfungulie, na siku ambayo tarishi hakuwapo, alishinda na kiu.

Akili yake ilimfikisha Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, kisha London, alikosomea uchumi na sheria. Aliporejea nyumbani, mwaka 1927 aliongoza maelfu ya watu kunywa maji ya bwawa la Chavdar katika mji wa Mahad. Halmashauri ya mji huo ilikwisha kupitisha azimio la kulifungua bwawa hilo kwa watu wote, lakini azimio lilibaki karatasini, na waandamanaji walishambuliwa. Haki isiyo na njia ya kutekelezwa ilikuwa imedhihirika kuwa haki tupu.

Miaka 20 baadaye, kamati yake ilianza kazi kwa kupitia rasimu ya awali iliyoandaliwa na mshauri wa katiba, B. N. Rau. Pembeni alikuwapo S. N. Mukherjee, mwandishi mkuu wa sheria, aliyesifika kwa kuweka mambo mazito katika lugha nyepesi. Miongoni mwa wajumbe, mmoja alijiuzulu, mwingine alifariki dunia, na wengine walizuiwa na umbali au afya. Mzigo mkubwa ukamwelemea mwenyekiti, ambaye mwenyewe alikuwa akiugua kisukari.

Kuanzia Novemba 1948 alisimama bungeni kuitetea rasimu hiyo ibara kwa ibara. Mapendekezo ya marekebisho yaliyowasilishwa yalizidi 7,600, na 2,473 kati yake yalijadiliwa. Kila pendekezo lilihitaji jibu: likubaliwe, likataliwe au liandikwe upya, na neno lililobadilishwa katika ibara moja liliweza kuvuruga maana ya nyingine.

Uzito wa kazi hiyo unaonekana katika ibara mbili. Ibara ya 17 inafuta desturi ya kuwahesabu watu kuwa hawaguswi, inapiga marufuku kuitekeleza kwa namna yoyote, na inatamka kuwa kumnyima mtu haki kwa msingi huo ni kosa la kuadhibiwa kisheria. Ibara ya 15 haikuishia kukataza ubaguzi kwa ujumla. Ilitaja maduka, visima, mabwawa, sehemu za kuogea na barabara, ili asiwepo wa kudai kuwa maji hayakukusudiwa. Hakuna neno la hasira katika ibara hizo. Uchungu wa mtoto aliyenyimwa bomba haukuandikwa, bali kilichoandikwa ni haki ya kila raia.

Katiba ilipitishwa tarehe 26 Novemba, 1949, ikiwa na ibara 395 na majedwali 8, na ikaanza kutumika tarehe 26 Januari, 1950. Siku moja kabla ya kupitishwa kwake, Ambedkar alilieleza Bunge kuwa sifa zote si zake, akawataja Rau na Mukherjee.

Mwaka 1951 alijiuzulu uwaziri wa sheria baada ya muswada wa kurekebisha sheria za ndoa na mirathi za Wahindu kukwama. Mwaka 1955 Bunge lilitunga sheria iliyoweka adhabu kwa makosa yaliyokusudiwa na Ibara ya 17. Alifariki dunia mjini Delhi tarehe 6 Desemba, 1956, wakati maneno aliyoyasimamia yakiwa yamekwisha kupata meno, na kazi ya kuyatimiza vijijini ikiwa bado mikononi mwa walio hai.