Joginder Singh, fundi aliyebeba Safari Rally kwa mtumba

Ukimwona fundi wa Kasulu au Kibondo amelala chini ya gari anashusha gia boksi, mkumbuke Joginder Singh. Mzaliwa huyu wa Kericho, Kenya, 1932, alikuwa fundi gereji kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant waliingia Safari Rally na Volvo PV544 ya mtumba, iliyokwishachoshwa na mbio za 1964. Wakabeba ndoo mbele ya timu za viwanda! Kule porini gia boksi ikigoma huna mchezaji wa akiba: unashuka kwenye matope unaishughulikia, au unalala hapohapo. Singh alimaliza Safari 19 kati ya 22, na hiyo si bahati, ni ufundi. Alishinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Alifariki London, 2013.