Peng Dehuai, Marshali aliyemwandikia Mao barua

Peng Dehuai alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1898 katika Xiangtan, jimbo la Hunan, kusini mwa China. Ni wilaya ileile alikozaliwa Mao Zedong. Lakini kwa akina Mao kulikuwa na shamba na chakula. Kwa akina Peng kulikuwa njaa. Mama alikufa mapema, mdogo wake mmoja akafa kwa kukosa chakula. Siku moja Peng alitumwa kuombaomba, akaona haya sana, na kesho yake akakataa. Akaenda kutafuta kuni za kuuza, na bibi yake mzee ndiye akaenda kuomba mahali pake. Jambo hilo hakulisahau.

Alifanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe, kisha akaingia jeshini akiwa bado kijana. Mwaka wa 1928 akajiunga na chama cha Kikomunisti na kuongoza uasi wa askari kule Pingjiang. Toka hapo ni vita juu ya vita: safari ndefu ya miguu ya 1934-1935, kupigana na Wajapani, kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe.

Oktoba 1950 Mao alimpa kazi ambayo wengine hawakuitaka: kuongoza askari wa China huko Korea, kupigana na Wamarekani. Mwana wa Mao, Mao Anying, aliuawa na bomu la ndege kwenye makao makuu ya Peng mwezi wa Novemba. Vita ilisimama Julai 1953. Peng akawa waziri wa ulinzi, na mwaka wa 1955 akapewa cheo cha Marshali, kile ambacho huku kwetu kinakumbusha Mobutu.

Mwisho wa 1958 alirudi Hunan. Serikali ilikuwa imewaamuru wakulima kuyeyusha chuma. Sufuria za nyumbani zilikuwa zinatupwa motoni, na mavuno yanaozea shambani sababu watu wako kwenye tanuri. Lakini ripoti za viongozi zilisema chakula ni kingi. Peng alikuwa anaijua njaa, hakuhitaji ripoti.

Julai 1959, kwenye mkutano wa Lushan, akamwandikia Mao barua. Ilikuwa ya heshima, imeanza na sifa, na ilikuwa kati yao wawili tu. Mao akaifanya igawanywe kwa wajumbe wote, kisha akamshambulia mbele yao. Wachache waliomtetea wakaangushwa pamoja naye. Lin Biao akachukua wizara yake. Mpango ukaendelea, na makumi ya milioni ya watu wakafa njaa kabla haujaachwa.

Peng alihamishwa pembeni ya mji wa Beijing, akawa analima mboga. Mwaka wa 1965 alipewa kazi ndogo Sichuan, lakini Desemba 1966 vijana wa Walinzi Wekundu wakamkamata. Alipigwa na kutembezwa mbele ya umati, mzee wa karibu miaka 70. Hakukubali kwamba ile barua ilikuwa kosa la uhaini.

Alikufa kwa kansa tarehe 29 Novemba 1974, bado kizuizini. Mwili ukachomwa kwa siri, na majivu yakapelekwa Chengdu yakiwa na jina la mtu mwingine. Desemba 1978, Mao akiwa amekwisha kufa, chama kikamrudishia heshima yake, na chombo cha majivu kikaandikwa jina lake mwenyewe.