Nyerere na Vita vya Kagera: Je, jirani ana haki ya kumwondoa mtawala katili?

Nchi moja inapotuma jeshi nchi nyingine na kusema inaokoa raia, mjadala wa sheria huanza upya. Hapa Afrika Mashariki mjadala huo unaturudisha kwa Mwalimu Julius Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akawa mwalimu, kisha akaiongoza Tanganyika hadi uhuru mwaka 1961. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, mwaka 1963. Mkataba wa umoja huo ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine.

Idi Amin alipompindua Milton Obote mwaka 1971, Nyerere alikataa kumtambua, akampa Obote hifadhi. Waganda wengi waliuawa chini ya Amin, lakini mwaka 1975 OAU ilifanya mkutano wake Kampala na Amin akawa mwenyekiti. Tanzania iliususia.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Raia waliuawa, ng'ombe wakaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kuwa ardhi hadi mtoni ni ya Uganda. OAU ilitaka usuluhishi. Nyerere alitaka kwanza mvamizi alaaniwe, na hilo halikufanyika.

Kumtoa adui Kagera hakukuwa na utata. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inairuhusu nchi iliyoshambuliwa kujilinda. Swali lilikuja jeshi lilipovuka mpaka. Nyerere alieleza kuwa vita vilikuwa viwili: Watanzania walipigana kulinda nchi yao, na Waganda walipigana kumwondoa mtawala wao. Hata hivyo, Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, mzigo mkubwa wa vita ulikuwa umebebwa na askari wa Tanzania.

Tunaona jambo moja la kuzingatia: hakudai kwamba ukatili wa Amin pekee unampa jirani haki ya kuvamia. Mlango huo ukifunguliwa, wenye nguvu wangeupita kila wakitaka. Hata hivyo, mwezi Julai huko Monrovia, viongozi wa Sudan na Nigeria walimkosoa wazi.

Gharama ilikuwa nzito. Uchumi wa Tanzania uliyumba, na Uganda haikutulia: Rais Yusuf Lule aliondolewa baada ya siku 68, na baada ya uchaguzi wa 1980 vita vilizuka tena.

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka uliofuata, viongozi wa Afrika walipitisha mkataba wa kuunda Umoja wa Afrika. Ibara ya 4 inauruhusu umoja huo kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Lakini uamuzi ni wa wakuu wa nchi wakiwa pamoja, si wa jirani mmoja peke yake.