Guttmann: Kocha aliyetoka darini akabeba Ulaya mara mbili

UKILITAJA jina la Béla Guttmann mbele ya shabiki wa Benfica, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni laana. Inasimuliwa kwamba mwaka 1962, baada ya kuipa klabu hiyo ya Ureno Kombe la Mabingwa wa Ulaya kwa mara ya pili mfululizo, kocha huyo aliomba nyongeza ya mshahara, akanyimwa, akafunga virago huku akiapa kwamba hawatabeba tena ubingwa wa Ulaya kwa miaka 100.

Wapo wanaosema hakuwahi kutamka maneno hayo. Lakini tangu siku hiyo Benfica imecheza fainali nane za Ulaya na kupoteza zote: 1963, 1965, 1968, 1983, 1988, 1990, 2013 na 2014.

Stori hiyo ni tamu vijiweni, ila imemfunika mtu mwenyewe. Miaka 18 kabla ya kuifunga Real Madrid pale Amsterdam, Guttmann alikuwa amejibanza darini, juu ya saluni ya kinyozi, akiomba tu asisikike akikohoa.

MTOTO WA WALIMU WA DANSI

Guttmann alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka 1899, katika familia ya Kiyahudi. Wazazi wake walifundisha dansi, na yeye mwenyewe alipata cheti cha kufundisha akiwa kijana mdogo wa miaka 16. Mpira ukamvuta zaidi. Akiwa kiungo wa MTK alitwaa ubingwa wa Hungary, kisha chuki dhidi ya Wayahudi ilipopamba moto nchini kwao akahamia Vienna, Austria. Huko alijiunga na Hakoah, klabu ya Wayahudi, na mwaka 1925 wakawa mabingwa wa Austria.

Hakuwa mtu wa kunyamaza. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924, msafara wa Hungary ulijaa viongozi kuliko wachezaji, na hoteli waliyopewa ilikuwa na kelele na panya tele. Jamaa hakuandika barua ya malalamiko. Aliwakamata panya na kuwatundika kwenye vitasa vya milango ya vyumba vya viongozi. Hungary ilitolewa na Misri kwa kufungwa mabao 3-0, na Guttmann hakuitwa tena timu ya taifa.

Mwaka 1926 Hakoah ilifanya ziara Marekani, naye akabaki New York. Alicheza mpira, akaingia kwenye biashara ya baa, akatia fedha zake kwenye hisa. Soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929, karibu kila alichokichuma kikayeyuka. Alirudi Ulaya na kuanza upya, safari hii kama kocha.

DARINI KWA KINYOZI

Mwaka 1938 Wanazi waliingia Austria na Hakoah ikafutwa. Guttmann akakimbilia kwao Hungary, akapewa timu ya Újpest na mwaka 1939 akaipa ubingwa wa nchi pamoja na Kombe la Mitropa, lililokuwa kombe kubwa la klabu za Ulaya ya Kati enzi hizo. Kwa kocha mwingine, msimu kama huo ungekuwa mwanzo wa neema. Kwake kibarua kiliota nyasi, kwa sababu sheria za kuwabana Wayahudi zilikuwa zimeshafika Hungary pia.

Mwaka 1944 Wajerumani waliikalia Hungary na Wayahudi wakaanza kusombwa kwa treni kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Mkewe, Mariann, hakuwa Myahudi. Kaka yake alikuwa na saluni ya kinyozi huko Újpest, na ndiye aliyemficha shemeji yake darini. Chini wateja wananyolewa na kupiga soga, juu kocha bingwa wa nchi amelala kimya.

Baadaye aliangukia kwenye kambi ya kazi za kulazimishwa. Mle ndani alikutana na kocha mwenzake, Ernő Erbstein. Desemba 1944, siku chache kabla ya kusafirishwa kwenda kuuawa, wawili hao walitoroka. Erbstein akaenda kuijenga Torino iliyotikisa Italia, kisha akafa na karibu kikosi chake chote kwenye ajali ya ndege ya Superga, Mei 4, 1949.

Guttmann alipona. Baba yake na dada yake hawakupona. Waliuawa Auschwitz pamoja na ndugu wengine wengi.

MSHAHARA WA MBOGA

Mtu wa namna hii angeweza kukaa kitako na kulia maisha yake yote, na hakuna ambaye angemlaumu. Guttmann alirudi uwanjani. Alipofundisha Ciocanul ya Romania baada ya vita, njaa ilikuwa kali na fedha hazikuwa na thamani, hivyo alidai alipwe kwa mboga na vyakula. Mwaka 1947 akairudisha Újpest kileleni mwa Hungary.

Kuanzia hapo aligeuka msafiri: Italia, Argentina, Cyprus, Brazil, Ureno, Uruguay, Uswisi, Ugiriki. Hakupenda kukaa sehemu moja zaidi ya misimu miwili, akiamini msimu wa tatu humuua kocha. Hakubembeleza kibarua. Akiwa Kispest mwaka 1948 alimwagiza beki wake mmoja atoke uwanjani, nahodha Ferenc Puskás akamwambia abaki. Guttmann alienda kukaa jukwaani, akajisomea gazeti, mechi ilipoisha akapanda tramu na hakurudi tena. AC Milan walimtimua mwaka 1955 wakiwa vinara wa ligi. Tangu hapo alitaka mikataba yake iwe na kipengele kinachokataza kumfukuza timu ikiwa kileleni.

Vita hakupenda kuizungumzia. Alichokuwa nacho alikimaliza mazoezini. Timu zake zilishambulia muda wote, akiamini wapinzani wakifunga haina shida, yeye atafunga zaidi. Mwaka 1957 aliipa São Paulo ubingwa wa jimbo akitumia mfumo wa 4-2-4, na mwaka uliofuata Brazil ilibeba Kombe la Dunia ikicheza 4-2-4.

KINYOZI WA PILI

Mwaka 1959 aliipa Porto ubingwa wa Ureno, akahamia kwa mahasimu wao, Benfica. Akaachana na wachezaji kibao na kupandisha vijana. Mei 31, 1961 waliifunga Barcelona 3-2 jijini Bern na kutwaa Kombe la Mabingwa. Bao moja lilifungwa na Mário Coluna wa Msumbiji.

Kutoka hukohuko Msumbiji ndiko ilikotoka habari nyingine, na Guttmann aliipatia kwa kinyozi, safari hii jijini Lisbon. Kocha Mbrazili, José Carlos Bauer, alimsimulia kuhusu kijana mmoja hatari aliyemwona Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Guttmann hakulaza damu. Kijana huyo aliitwa Eusébio.

Mei 2, 1962, Benfica ilikutana na Real Madrid fainali. Puskás, yuleyule wa Kispest, alipiga mabao matatu kipindi cha kwanza na Madrid wakaenda mapumziko wakiongoza 3-2. Guttmann akaelekeza Di Stéfano abanwe ili mipira isimfikie Puskás. Coluna akasawazisha, Eusébio akamaliza kazi kwa mabao mawili. Ikawa 5-3.

Kisha ikaja ile stori ya mshahara. Wengi humwona alikuwa mroho wa fedha. Lakini huyu alishapoteza akiba yote New York, akapoteza kazi akiwa bingwa, akalipwa mboga. Alijua ubingwa wa jana haumlindi mtu kesho. Alipojibiwa hapana, aliondoka kama alivyozoea.

KABURI LA VIENNA

Guttmann alifariki Vienna mwaka 1981. Mwaka 1990 fainali ya Ulaya ilichezwa mji huohuo, Benfica dhidi ya AC Milan. Kabla ya mechi Eusébio alienda kwenye kaburi la mwalimu wake, akasali na kuomba laana iondolewe. Benfica ikafungwa 1-0.

Mwaka 2014 klabu ikamwekea sanamu kwenye Uwanja wa Da Luz, akiwa amebeba makombe yake mawili. Miezi michache baadaye wakapoteza fainali ya Europa mbele ya Sevilla kwa penalti.

Mashabiki wataendelea kupiga hodi kwenye kaburi lile kuomba msamaha. Baba yake na dada yake hawana kaburi la kupigiwa hodi. Yeye analo, na jina lake limeandikwa juu yake, kwa sababu kinyozi mmoja alimfungulia dari, na aliposhuka kutoka huko alirudi kufundisha mpira.