Mama Kevin

Mama Kevin (jina la kuzaliwa: Teresa Kearney, Arklow, Ayalandi, 28 Aprili 1875 – Brighton, Massachusetts, Marekani, 17 Oktoba 1957) alikuwa mtawa Mfransisko na mmisionari wa Kanisa Katoliki aliyeanzisha mafunzo ya uuguzi na ukunga huko Nsambya, Uganda. Wananchi walimuita Mama Kevina.

Maisha

Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na mama yake alipokuwa na umri wa miaka 10, hivyo alilelewa na bibi yake. Mwaka 1895 alijiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akaweka nadhiri mwaka 1898.

Januari 1903 alifika Nsambya, karibu na Kampala, pamoja na masista wenzake watano. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu wengi nchini. Masista walianza kutibu wagonjwa chini ya mwembe. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alihudumia wapagazi Waafrika waliokuwa wakibebea jeshi mizigo.

Mafunzo ya wauguzi na wakunga

Wanawake wengi walikuwa wanafariki wakati wa kujifungua, lakini sheria za Kanisa ziliwakataza watawa kufanya kazi ya ukunga. Mama Kevin aliomba katazo hilo liondolewe. Kabla ya kujibiwa alitafuta njia nyingine: mwaka 1921, pamoja na daktari mlei Evelyn Connolly, alifungua Nsambya shule ya kuwafundisha wasichana wa Uganda kazi hizo. Mwaka 1936 Roma iliwaruhusu watawa wamisionari kusomea udaktari na ukunga na kuwazalisha wanawake.

Mwaka 1923 alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mt. Fransisko kwa ajili ya wasichana Waafrika. Alianzisha pia vituo vya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga na Buluba.

Kifo na kumbukumbu

Alifariki akiwa Marekani, alikokuwa akichangisha fedha kwa ajili ya kazi za umisionari Afrika. Mwili wake ulirudishwa Uganda, ukazikwa Nkokonjeru. Kesi ya kumtangaza mwenye heri ilifunguliwa mwaka 2016.

Nchini Uganda jina Kevina limekuwa neno la kutajia hospitali au huduma ya huruma. Shule ya uzamili ya tiba ya Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, iliyopo katika Hospitali ya Nsambya, inaitwa kwa jina lake.