Earle Seaton: Wakili Aliyefikisha Kilio cha Wameru Umoja wa Mataifa

Na Mwandishi Wetu, Chimala

Katika historia ya taaluma ya sheria nchini, jina la Jaji Earle Edward Seaton linastahili kukumbukwa na kila anayethamini haki ya mwananchi wa kawaida kupata wakili wa kumtetea. Mwanasheria huyo mzaliwa wa visiwa vya Bermuda aliingia katika uwakili wa Tanganyika wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Wazungu na watu wenye asili ya Asia, na mtu mweusi kusimama mahakamani akiwa wakili lilikuwa jambo geni.

Seaton alizaliwa mwaka 1924. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, chuo kilichoanzishwa kwa lengo la kuwapa elimu ya juu watu weusi, kisha akasomea sheria London na kupata sifa ya uwakili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alifika Tanganyika na kufanya kazi yake mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Wakati huo nchi haikuwa na chuo chochote cha sheria. Kijana wa Kiafrika aliyetaka kuwa wakili hakuwa na njia ila kwenda ng'ambo, safari ambayo wachache sana waliweza kuigharamia.

Shauri lililompa Seaton nafasi katika historia ni la ardhi ya Wameru. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Serikali ya kikoloni iliazimia kuyatenganisha maeneo ya walowezi na ya Waafrika katika ukanda wa Arusha na Moshi. Kwa mpango huo, eneo la Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki mwa Mlima Meru, lilitengwa kwa ajili ya mashamba ya mifugo ya walowezi wachache. Wameru walikataa kuhama. Mwezi Novemba 1951 askari waliingia, nyumba zikachomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa kwa nguvu pamoja na mifugo yao.

Wananchi hao hawakujibu kwa silaha. Walijipanga, wakachangishana fedha na kutafuta njia ya sheria. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, bali nchi iliyo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Mkataba wa Umoja huo uliwapa wakazi wa nchi za namna hiyo haki ya kuwasilisha malalamiko yao moja kwa moja. Seaton aliielewa haki hiyo na namna ya kuitumia. Mwaka 1952 yeye pamoja na Kirilo Japhet, mwakilishi aliyechaguliwa na Wameru, walifika New York na kulieleza shauri hilo mbele ya Baraza la Udhamini, na baadaye mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu.

Matokeo hayakuwa kama walivyotarajia. Azimio la kuitaka Uingereza iwarudishie Wameru ardhi yao lilikosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika katika Baraza Kuu. Hata hivyo, dunia ilikuwa imesikia. Kirilo alirejea nyumbani na kuwaeleza wananchi aliyoyaona, na shauri hilo likawa miongoni mwa mambo yaliyoamsha ari ya kudai uhuru, miaka miwili kabla ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954.

Baada ya Uhuru, Seaton aliendelea kuitumikia nchi katika masuala ya sheria za kimataifa na kisha akiwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Mwaka 1967 yeye na Kirilo walichapisha kitabu kuhusu shauri la ardhi ya Wameru, na mwaka 1973 kikatoka kitabu alichoandika na mwenzake kuhusu mikataba ya kimataifa ya Tanzania. Alikuwa pia Jaji katika Mahakama Kuu ya Bermuda alikozaliwa, na Jaji Mkuu wa Shelisheli. Alifariki dunia mwaka 1992.

Pengo alilolikuta Seaton lilianza kuzibwa mwezi Oktoba 1961, Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam kikiwa na wanafunzi 14. Tangu hapo, watoto wa wakulima na wafugaji kutoka kila kanda, wanawake kwa wanaume, wameweza kuwa mawakili na majaji.

Kulinda mafanikio hayo ni wajibu wa kisheria wa kila mwajiri, zikiwemo ofisi za mawakili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, inatoa likizo ya uzazi ya siku zisizopungua 84 na kumruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kwa ajili hiyo. Nazo kanuni za mwaka 2021 zinaruhusu mashauri kusikilizwa kwa njia ya mtandao, hivyo wakili anaweza kutimiza wajibu wake bila kulazimika kusafiri kila mara.

Kwa mkulima wa mpunga wa Chimala na bonde la Usangu, maana ya haya ni bayana. Ardhi ndiyo maisha yake, kama ilivyokuwa kwa Wameru. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi, ili asiye na uwezo wa kulipa wakili asipoteze haki yake. Wameru walilazimika kuchangishana fedha ili sauti yao ivuke bahari. Mwananchi wa leo anahimizwa kutafuta ushauri wa kisheria mapema, kabla mgogoro haujawa mkubwa.